Safari ya Kwanza ya Kitindamimba Wetu

Akina mama wenzetu, mtoto aliyezaliwa Machame huiona theluji tangu apate akili. Huiona asubuhi mlima unapofunguka, kabla mawingu hayajaufunika. Huiona akienda kuchota maji, huiona akiwa mstarini shuleni. Lakini kuigusa ni jambo jingine. Kitindamimba wetu aliigusa kwa mara ya kwanza akiwa na miaka minane, kwenye roshani ya ghorofa ya tano mjini Leipzig, Ujerumani, katikati ya Desemba 2022. Alikuwa amevaa soksi mbili mbili na sweta la baba yake lililomfika magotini. Akachota kidogo kwa kidole, akaonja, akatugeukia.

"Kumbe haina ladha," akasema.

Tulikwenda huko watatu, baba, mama na yeye, kumtazama dada yake. Binti yetu huyo, mzaliwa wa kwanza, aliondoka nyumbani Septemba 2019. Mwaka wa kwanza alikaa na familia moja, akilea watoto wao na kujifunza lugha. Mwaka uliofuata akaanza mafunzo ya uuguzi ya miaka mitatu katika nyumba ya kutunzia wazee. Tulitegemea angekuja likizo, lakini ukaingia ugonjwa wa korona. Agosti 2021 bibi yake, mama mzaa baba, akafariki. Binti hakuweza kuja. Mazishi aliyaona kwa simu, jirani akiwa ameishika juu ya vichwa vya watu pale kihambani, na kabla jeneza halijateremshwa bando likaisha.

Baada ya hapo sauti yake ilibadilika. Tukimpigia anajibu, "Niko salama, Mama." Tukiuliza kazi, "Kazi ni salama." Tukiuliza masomo, "Masomo yako salama." Mama yeyote aliyewahi kuwa na binti mbali na nyumbani anajua jibu la namna hiyo linavyomnyima mtu usingizi. Ndipo tukaamua kwenda wenyewe.

MAANDALIZI

Tusiwafiche, safari hii ilikula mali. Tuliuza ng'ombe mmoja wa maziwa pamoja na mtamba wake, tukaongeza gawio la VICOBA la mwaka mzima. Ndugu wengine walitushangaa. Walisema, kwa fedha hizo si afadhali kumtumia nauli binti aje yeye? Walikuwa na haki ya kusema hivyo. Lakini tulitaka kuona alipolala.

Wenye nia ya kusafiri na mtoto tunawaeleza haya machache. Mtoto ana pasipoti yake mwenyewe, haandikwi kwenye ya mama. Cheti cha kuzaliwa kinatakiwa, na kama anasafiri na mzazi mmoja lazima mwingine aandike barua ya kukubali. Kuna bima ya safari, ambayo kwa nchi zile za Ulaya haipungui euro 30,000 za matibabu. Viza tulilipia euro 80 kila mtu mzima na 40 kwa mtoto; tangu Juni 2024 imepanda kuwa 90 na 45. Mtoto wa chini ya miaka 12 hachukuliwi alama za vidole, jambo lililomhuzunisha sana wetu, kwani alikuwa amenawa mikono tangu kwenye basi la Dar es Salaam akijiandaa.

Nguo za baridi tulizipata soko la Memorial pale Moshi. Makoti mazito ya mitumba ambayo hapa kwetu hayana mnunuzi yanauzwa kwa bei ya kutupa. Baba alicheka akasema makoti haya yanarudi kwao.

Habari ya chakula inahitaji uangalifu. Nyama na maziwa hayaruhusiwi kabisa kuingizwa Ulaya na msafiri, hata ikiwa ni kipande cha nyama ya kukausha au kibuyu kidogo cha mtindi. Matunda na mboga nyingi hudaiwa cheti cha afya ya mimea. Lakini tulipouliza tuliambiwa jambo lililotufurahisha: yako matunda matano yasiyodaiwa cheti hicho, nayo ni nanasi, nazi, tende, duriani na ndizi. Ndizi! Kwa Mchaga hiyo ni kama kuambiwa mlango uko wazi. Tukafunga ndizi mshare mbichi kwenye magazeti, tukazipanga katikati ya makoti, na dagaa wakavu tukawazungushia mifuko mitatu ili wasitutangaze.

Tuliondoka KIA alasiri. Mtoto alipewa kiti cha dirishani. Ndege ilipopanda, mlima ukatokea upande wetu, na badala ya kutuangalia kutoka juu kama siku zote, ulikuwa chini kidogo ya dirisha, umetulia. Akaweka paji la uso kwenye kioo asiseme neno. Kisha masikio yakaanza kumuuma akalia. Tulikuwa na peremende mfukoni, akanyonya, akameza mate, yakazibuka. Msiende bila peremende.

Addis Ababa tulibadilisha ndege, tukaruka usiku kucha, na alfajiri tukawa Frankfurt. Pale forodhani tulikuwa tumejiandaa kujieleza habari za ndizi, hata sentensi ya Kijerumani tulikuwa tumeikariri. Hakuna aliyetuuliza.

TRENI NA GIZA

Kutoka Frankfurt hadi Leipzig tulipanda treni ya mwendo kasi, zaidi ya saa tatu. Wakati huo barakoa zilikuwa bado ni lazima katika treni za masafa, nasi huku nyumbani tulikuwa tumekwisha kuzisahau. Treni ilisimama Eisenach. Huko ndiko alikozaliwa Johann Sebastian Bach mwaka 1685, na juu ya kilima kuna ngome ya Wartburg ambamo Martin Luther alijificha na kulitafsiri Agano Jipya. Tafsiri hiyo ilichapishwa Septemba 1522, kwa hiyo mwaka tuliopita sisi ulikuwa unatimiza miaka 500. Tulimwonyesha mtoto kilima. Alikuwa akishangaa choo cha treni.

Stesheni ya Leipzig ni miongoni mwa zile kubwa kabisa Ulaya. Ilikamilika mwaka 1915, na reli zake nyingi zinaishia hapo, treni inaingia kama ng'ombe zizini. Tulishuka na mabegi na ndizi zetu. Katikati ya umati tukamwona binti amesimama, koti jeusi, miwani ambayo hatukuijua, nywele amekata. Mama alikuwa amekwisha kuanza kukimbia. Baba akamsukuma kitindamimba mbele, "Msalimie dada."

Mtoto akainamisha kichwa kwa adabu tuliyomfundisha wenyewe, akasema, "Shikamoo, anti."

Hakuwa na kosa. Dada aliyemjua ni yule wa kwenye simu, uso mdogo wa kutosha kwenye kiganja. Huyu mrefu mwenye koti alikuwa mtu mwingine. Binti akaitikia "Marahaba," akainama kuchukua begi zito kuliko yote, akatangulia. Tulimfuata nyuma tukimwangalia mabega.

Anakaa Grünau, mtaa wa maghorofa marefu yanayofanana, uliojengwa kuanzia 1976 wakati sehemu ile ilikuwa Ujerumani ya Mashariki. Ni chumba kimoja chenye jiko kwenye kona na bafu. Tulitandika magodoro chini, watu wanne. Hita alituomba tusiifungulie sana. Majira yale ya baridi gesi ilikuwa imepanda bei nchi nzima kwa sababu ya vita ya Ukraine, na hata majengo ya umma yalikuwa yamepunguza joto. Tukalala na makoti ya Memorial.

Giza lile lilitusumbua kuliko baridi. Jua lilikuwa likichomoza saa mbili asubuhi likipitiliza, na ikifika saa kumi jioni limezama. Mtoto aliyezoea kucheza hadi saa kumi na mbili na nusu alikuwa anaomba kulala saa kumi na moja. Akiamka saa tisa usiku anauliza chai. Ilichukua siku nne mwili wake kukubali.

Theluji ilianguka usiku wa pili. Tumekwisha kuwaeleza alivyoionja. Baada ya hapo alifinyanga donge la ukubwa wa chungwa, akalifunga kwenye mfuko wa plastiki, akamwomba dada yake aliweke kwenye friza hadi siku ya kuondoka, awapelekee wenzake wa darasani. Binti akamweleza kwamba litayeyuka njiani. Akafikiri. Akasema, basi likae hapa, utanitunzia. Hilo ndilo lilikuwa jambo la kwanza alilomwomba akimwita dada.

MJINI

Binti alikuwa na zamu karibu kila siku, mara ya asubuhi, mara ya jioni, kwa hiyo mji tuliutembea wenyewe kwa tramu, ile treni ndogo ya barabarani, tukiwa na karatasi aliyotuandikia mahali pa kushuka.

Kanisa la Mtakatifu Thomas tulilitamani kwa sababu mama ni mwanakwaya. Bach alikuwa mwalimu wa muziki hapo kuanzia 1723 hadi alipofariki 1750, na mifupa yake iko mbele ya madhabahu chini ya bamba la shaba. Kwaya ya wavulana wa kanisa hilo ilianza mwaka 1212 na ingali ikiimba. Tuliwasikia. Mtoto wetu, ambaye hatulii kanisani, alitulia, maana waimbaji walikuwa wavulana, wengine wakimzidi miaka michache tu. Alipoambiwa kwamba wanalala bwenini akasogea karibu na mama.

Watu wote walikuwa wanapiga picha lile bamba. Sisi tulikuwa tunamfikiria mkewe. Bach aliyekuwa mjane alimwoa Anna Magdalena, mwimbaji wa sifa, wakazaa watoto 13, na saba kati yao wakafa wadogo. Juu ya hayo alilea watoto wa mke aliyetangulia, na usiku alinakili nota za mumewe kwa mkono. Mume alipokufa aliachwa na shida, na mwaka 1760 alifariki akiishi kwa misaada. Kaburi lake halijulikani lilipo. Mtu azike watoto saba na bado anakili nota! Tuliketi kidogo kwa ajili yake, ingawa benchi lilikuwa la baridi.

Kanisa la Mtakatifu Nikolao ni mwendo mfupi kutoka hapo. Ndani yake nguzo ni nyeupe, na juu kabisa zimechongwa matawi ya mitende ya kijani yanayosambaa darini. Mtoto aliangalia juu akatangaza kwa sauti iliyosikika kanisa zima, "Baba, wamepanda migomba!" Wazee wawili wa Kijerumani waligeuka wakacheka bila kujua alichosema. Katika kanisa hilo watu walikuwa wakikusanyika kuomba amani kila Jumatatu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Oktoba 9, 1989 walitoka humo wakajiunga na wengine barabarani, wakafika kama 70,000, askari wakiwa tayari wamepangwa, na hakuna risasi iliyopigwa. Mwezi mmoja baadaye ukuta wa Berlin ukafunguliwa. Baba alimweleza mtoto habari hiyo taratibu, naye akauliza kama watoto pia walikuwamo.

Lipo jambo jingine linalotuunganisha na mji huo. Wamisionari wa Leipzig ndio walioleta Ulutheri Kilimanjaro, wakianzia Machame mwaka 1893. Majina ya ubatizo ya babu zetu yalitoka mikononi mwao. Na Hans Meyer, Mzungu wa kwanza kufika kilele cha Kibo, Oktoba 1889, alikuwa mchapishaji wa vitabu wa mji huo huo. Alichukua jiwe kileleni akalileta Ujerumani, kipande akampa mfalme wao Wilhelm, na kilele akakiita kwa jina la mfalme huyo. Kwetu anakumbukwa zaidi Mzee Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, anayesimuliwa kuwa ndiye aliyemwonyesha njia. Mtoto aliuliza kama jiwe likirudishwa mlima utarefuka. Baba akasema kidogo.

JUMAPILI YA WAZEE

Jumapili ya nne ya Majilio, tarehe 18, binti alikuwa na zamu ya mchana, na mkuu wake alituruhusu kwenda kuwaona wazee. Mlangoni tulipimwa korona puani, mtoto akapiga chafya ya kutisha, tukavaa barakoa tukaingia. Ilikuwa saa tisa, saa yao ya kahawa na keki. Wazee walikuwa wameketi kuzunguka meza, mishumaa minne inawaka, na kimya.

Hapo ndipo tulipomwona binti yetu akifanya kazi. Huyu anamfuta mdomo, yule anamgeuza kwenye kiti, mwingine anamnong'oneza sikioni hadi anacheka. Wengine anawaosha, anawavalisha, anawalaza. Mikono ilikuwa ile ile ya bibi yake, ya haraka na ya upole, tulishangaa hatujawahi kuiona hivyo. Amewaosha bibi za watu wangapi, na wake hakumwosha wala kumzika. Tulijua anafikiri hivyo pia, kwa sababu hakutuangalia machoni mchana kutwa.

Bibi mmoja mwembamba aliyekuwa hasemi alimshika mtoto mkono alipopita, asimwachie. Alikuwa anaupapasa kidole kwa kidole kama mtu anayehesabu. Mtoto hakuogopa. Akavutiwa kiti, akakaa naye, ikapita nusu saa. Baadaye akamwuliza dada yake kwa sauti ya kawaida, "Huyu bibi watoto wake wako wapi?"

"Wapo. Wako mbali kwa ajili ya kazi."

"Kama wewe," akasema mtoto.

Binti akachukua sinia la vikombe akaenda nalo jikoni.

MTORI

Usiku huo tulipika mtori. Ndizi zilikuwa zimeanza kulainika lakini zilifaa. Nyama ya ng'ombe tulinunua huko huko, yenye mfupa, kwa bei ambayo hatutaitaja ili msituhukumu. Tulimenya, tukachemsha, tukaponda kwa mwiko alivyokuwa akiponda marehemu bibi, polepole, bila kuacha bonge. Binti alikula bakuli la kwanza akiwa amesimama. La pili alikaa. Baba na mtoto walilala, tukabaki wawili kwenye kile kijiko cha konani, mama na binti, tunaosha vyombo.

Akasema, "Mama, mimi nilirudia mwaka."

Hakumaliza mwaka wa pili vizuri. Lugha ya vitabuni ilimshinda, na mtihani ulikuja miezi michache baada ya msiba. Kwa hiyo asingemaliza 2023 kama tulivyowatangazia ukoo mzima, bali 2024. Alikuwa amelibeba neno hilo peke yake kwa zaidi ya mwaka mmoja.

Tuseme kweli, la kwanza lililotujia halikuwa huruma, ilikuwa hasira. Tulifikiria ng'ombe, tukafikiria watu wa kanisani waliokwisha kutupongeza. Mama alifungua mdomo, na binti, kabla hajasemwa, akatoa daftari kwenye droo, daftari la shule la kawaida, akaliweka mezani penye maji.

Humo aliandika kila mwezi. Baada ya makato alikuwa akibakiwa na euro kama 1,000. Pango la chumba 340. Usafiri, simu, bima, chakula. Na kila mwezi mstari mmoja umeandikwa "Nyumbani": 150, 150, 200, mwezi wa bati 350. Miezi ya bati na ya ada alikuwa amefanya kazi ya ziada siku zake za mapumziko, kusafisha ofisi alfajiri. Tuliangalia tarehe za kazi ile ya ziada, tukaangalia tarehe ya mtihani.

Ada ile ilikuwa ya mdogo wake. Tulikuwa tumempeleka shule ya kulipia inayofundisha kwa Kiingereza, na tulijivunia basi la manjano likimchukua mlangoni. Bati lilikuwa la nyumba kubwa. Hakuna lililokuwa anasa, na hatukumlazimisha hata siku moja. Lakini tukikumbuka simu zetu, kila mara tulianza na salamu, na kabla salamu hazijaisha tulikuwa tumekwisha kufika kwenye bati. Huyo binti angetuambia saa ngapi kwamba ameshindwa?

Mama alimaliza kuosha sufuria. Hakupata neno. Akamwambia, "Lete kichwa," akamfungua kitambaa, akaanza kumpaka mafuta zile nywele fupi kama alivyokuwa akifanya Jumamosi jioni miaka ile. Walikaa hivyo hadi saa nane usiku. Waliongea juu ya bibi kwa muda mrefu, jinsi alivyovaa siku ya mwisho, nani alisoma risala, mvua ilinyesha saa ngapi.

Asubuhi baba alielezwa. Alisikiliza, akavaa koti, akatoka kwenye roshani akasimama kwenye ile baridi kwa muda hata tukaanza kuogopa. Aliporudi aliuliza jambo moja tu.

"Sasa unamaliza lini?"

"Agosti 2024, Baba."

"Haya. Mtori umebaki?"

TULIPORUDI

Krismasi tulikula pamoja, na siku mbili baadaye tukaondoka. Stesheni, mtoto alimkumbatia dada yake kiunoni akamkumbusha habari ya donge la theluji.

Januari 2023 tulimhamishia shule ya msingi ya serikali, ambako ada hakuna. Hakulipokea vizuri. Alilia kwa sababu ya basi la manjano, akalia kwa sababu ya sare, na kwa wiki nzima alisema tunamchukia. Tulijaribu kumweleza, tukaona mtoto wa miaka minane hawezi kubebeshwa daftari la dada yake, tukanyamaza. Bado hatuna hakika kama tulimtendea haki. Wapo marafiki waliotuambia kwamba tumemwokoa mmoja kwa gharama ya mwingine. Kiingereza chake kimerudi nyuma, hisabati imepanda, na amepata rafiki wa kwenda naye mtoni. Dada yake alifaulu Agosti 2024 kama alivyosema, lakini wakati huo, Januari ile, nani angejua?

Kitu kimoja kilibadilika mara moja. Simu ikipigwa, mtoto ndiye anaongea kwanza. Anauliza donge liko salama, linaelekea upande gani, limepungua? Binti anafungua friza anamwonyesha. Wanazozana, wanacheka. Sisi tunapewa simu imebaki dakika tano.

Masika ya mwaka huo huo alipiga jioni moja, tukiwa jikoni. Jiko letu la nje ndilo pekee lililokuwa halijafikiwa na bati jipya, na upande wa mashariki linavuja. Tulikuwa tumetega sufuria. Katikati ya maneno akanyamaza, akasikiliza.

"Mama, hiyo inayogonga ni nini?"

Tukatazamana. Baba akaisogeza sufuria kwa mguu.

"Ni mvua tu, mwanangu," tukamwambia. "Mwaka huu imenyesha vizuri. Wewe umekula nini leo?"